Upepeo Hauongezi Makala

Shemeji yangu ni dereva wa lori la trela. Hapa Lubumbashi shemeji ni shemeki na dereva ni shofere, basi nitamwita Shemeki. Hubeba shaba kutoka Kolwezi, akapita Likasi, akapita mjini kwetu, akateremka mpaka Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, na huko hupanga foleni isiyojua usiku wala mchana. Jioni moja ya mwezi wa sita, baridi imeshaingia, alipita kutusalimu. Alikaa kwenye kigoda uani, macho mekundu kama mtu aliyemenya vitunguu vya harusi nzima, goti la kulia likirukaruka lenyewe. Kando ya mguu wake kulikuwa na makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu, moja tupu, la pili limefunguliwa. Nikamuuliza amelala lini. Akacheka.

"Minakunywaka mbili, shemeki, njo macho inafunguka."

Dada yangu, mkewe, alikuwa anapepea mbabula. Kwa msomaji asiyetoka Katanga, mbabula ni jiko la makala, la bati lililokatwa na kukunjwa kwa nyundo, lenye matundu ubavuni. Makala yalikuwa yamebaki machache na bukari, yaani ugali, ulikuwa haujaiva, kwa hiyo alipepea kwa nguvu kwa kipande cha katoni. Vipande vikawaka vyekundu, kisha rangi ya chungwa. Mtu akitazama kutoka barabarani angesema moto umeongezeka. Muda si mrefu palibaki majivu matupu, na mtoto akatumwa kununua kifuko kingine. (Ndiyo, neno makala lina kazi mbili, na unayoisoma sasa ni ile ya pili. Lugha ni yetu, tutafanyaje.)

Mimi nafundisha biolojia, na nilichomweleza Shemeki jioni ile ndicho wanafunzi huniuliza kila mtihani wa taifa unapokaribia: hivi vitu vya kukeshea hutoa wapi nguvu? Havitoi popote. Kafeini, nikotini, miraa, amfetamini, kokeini, vyote ni upepeo. Vinatofautiana kwa ukali wa upepo na kwa mahali vinapopepea, na tofauti hiyo ni kubwa kama ile ya kikombe cha chai na kitanda cha wagonjwa mahututi. Lakini hakuna hata kimoja kinacholeta kipande cha makala. Kilicho makala ndani ya lile kopo la Shemeki ni sukari, na sukari angeipata kwenye mandazi kwa bei nafuu.

Majivu ya kichwani

Tuanze na kafeini, maana ndiyo inayonywewa na wengi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Kila seli ya mwili hufanya kazi zake kwa kutumia molekuli iitwayo ATP. Hiyo ni adenosini iliyobebeshwa fosfeti tatu. Fosfeti zikibanduliwa, nishati hutoka na kazi hufanyika. Ubongo ukiwa kazini tangu alfajiri, adenosini iliyovuliwa mzigo wake hujikusanya nje ya seli, saa baada ya saa. Hayo ndiyo majivu. Juu ya seli za neva kuna vipokezi ambavyo adenosini hunasa, na ikinasa, seli hupunguza mwendo. Ile hali ya kusoma mstari mmoja mara tatu saa tano usiku, shingo ikidondoka na kushtuka, kwa sehemu kubwa ni adenosini inakupa taarifa kwamba majivu yamejaa. Ukilala, ubongo huyazoa.

Sasa kafeini ina umbo linalofanana na adenosini. Inaingia kwenye kipokezi kilekile na kukaa, ila haifanyi lolote. Fikiria mtu aliyekalia kiti cha mgeni. Mgeni amefika, amesimama mlangoni, wengine wanazidi kuingia uani, lakini hakuna aliyepata pa kukaa, kwa hiyo hakuna anayeanza mazungumzo. Mwenye nyumba yuko ndani anadhani hana wageni. Kafeini ikiondoka, wote wanakaa kwa mpigo. Ndiyo maana dereva aliyejisikia mzima kabisa Likasi huanguka usingizi ghafla kilomita chache kabla ya kufika, mahali ambapo alidhani amekwisha kushinda.

Tuingie kwenye hesabu. Kopo la kawaida la mililita 250 huwa na miligramu 80 hivi za kafeini. Kiwango chake katika damu hufika juu kabisa baada ya dakika 30 hadi 60, na kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake hubaki baada ya saa 5 hivi. Kwa hiyo makopo mawili aliyokunywa Shemeki saa 11 jioni, saa 4 usiku ndani yake bado kuna sawa na kopo zima; saa 9 usiku, nusu kopo. Mtu analalamika kwamba amelala lakini hakupumzika, na hakumbuki kabisa alichokunywa mchana. Inayoisafisha kafeini ni ini, na maini hayalingani. Mvutaji wa sigara huisafisha karibu mara mbili upesi kuliko mwingine, na akiacha sigara kahawa yake ileile inaanza kumpiga kwa nguvu mpya. Kwa mama mjamzito ni kinyume: mimba ikikaribia kuiva, nusu ya kafeini inaweza kumkalia saa 15. Hiyo ni sababu mojawapo ya kushauriwa asizidi miligramu 200 kwa siku, wakati kwa mtu mzima mwenye afya kiwango kinachotajwa ni 400. Na kahawa nazo si moja. Robusta, ambayo asili yake ni misitu ya pande zetu hizi za Afrika, ina karibu mara mbili ya kafeini iliyomo kwenye arabika ya milima ya Kivu.

Mzee wa zamu anayelinda lango la jirani yangu hanywi kahawa. Ana makasu, kola, mfukoni, anakata kipande kwa wembe, anakitafuna polepole huku amejifunika blanketi. Naye anatumia kafeini hiyohiyo, ila tunda chungu kama lile halimezwi kwa pupa, na mtu hujikuta amejipimia kipimo bila kusoma kitabu. Kopo la baridi lenye sukari huteremka kwa mikupuo minne. Nadhani hapo ndipo penye hatari halisi ya vinywaji hivi kwa vijana: ladha yake haina breki.

Kuna jambo jingine ambalo limewafanya watu wengi mjini kumeza dawa za malaria bure. Mtu anakunywa kahawa vikombe vitatu kila siku ya kazi. Jumapili anakwenda misa ya kwanza, hanywi, na ikifika mchana kichwa kinamuuma, mwili mzito, hamu ya kuzungumza hana. Ubongo uliozuiliwa adenosini kwa muda mrefu hujiongezea vipokezi, yaani hununua viti zaidi. Kafeini isipofika, wageni wanakaa wengi kuliko kawaida, na mishipa ya damu ya kichwani, ambayo kafeini ilikuwa inaibana, inalegea na kutanuka. Maumivu huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho na yanaweza kuendelea siku kadhaa. Kama huna homa na jana hukunywa kahawa yako, pima damu kwanza kabla ya kumeza chochote.

Stoo iliyovunjwa mlango

Kafeini, kwa kadiri yake, ni kipande cha katoni. Amfetamini na kokeini ni feni ya mhunzi.

Seli mbili za neva hazigusani. Kati yao kuna pengo dogo mno, karibu sehemu 20 za bilioni moja ya mita, na ujumbe huvuka pengo hilo kwa kemikali. Mbili zinatuhusu hapa: dopamini na noradrenalini. Seli ya kwanza humwaga kiasi kidogo, seli ya pili husikia, kisha pampu zilizo kwenye ukuta wa seli ya kwanza hukusanya kilichobaki na kukirudisha stoo. Ni biashara ya uangalifu. Hakuna kinachoachwa nje usiku.

Kokeini huziba pampu. Bidhaa zimetoka, haziwezi kurudi, zinarundikana barabarani, na seli ya pili inasikia ujumbe uleule tena na tena. Amfetamini ni mjanja zaidi: hupitia mlango wa pampu yenyewe, huingia hadi stoo, hupasua magunia, kisha hugeuza pampu izunguke kinyumenyume, kwa hiyo mlango wa kuingizia unakuwa wa kutolea. Methamfetamini hufanya vivyo hivyo kwa ukali zaidi na hukaa muda mrefu: nusu ya kokeini huondoka mwilini kwa saa 1 hivi, ila nusu ya methamfetamini huchukua saa 10 au 12. Miraa, ambayo madereva wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri kuliko mimi, ina kathinoni, ndugu wa karibu wa amfetamini, ila dhaifu na mwenye haraka ya kuharibika. Jani likikauka kathinoni hupotea, na ndiyo sababu miraa husafirishwa mbio ikiwa imefungwa kwenye majani ya mgomba.

Hapa nifukuze wazo moja lililoenea, kwamba dopamini ni kemikali ya raha. Mwaka 1954, Montreal nchini Kanada, James Olds na Peter Milner waliweka waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya na kumpa kitufe cha kujipitishia umeme kidogo. Panya alibonyeza, akabonyeza, akasahau mambo mengine. Miaka mingi watu walisema panya yule alikuwa anastarehe. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kitu chenye kona zaidi: dopamini hupanda hasa pale jambo jema linapokuja bila kutarajiwa, na ubongo ukishajifunza dalili yake, hupanda kwenye dalili. Inasema "hiki kina faida, kumbuka njia uliyopitia." Ni kemikali ya kutaka na kujifunza njia, na raha yenyewe iko mbali kidogo na hapo.

Ndiyo maana aliyezoea anaweza kukwambia kwa uaminifu kwamba haoni tena utamu wowote, na bado miguu inampeleka. Njia imechimbwa. Kona ya barabara, rafiki fulani, harufu, hata ule mlio wa kopo likifunguliwa, vinamwamsha kabla hajafikiri. Dawa imeupa ubongo somo kwa kipaza sauti: hakuna chakula, hakuna mtoto aliyezaliwa, hakuna bao la Mazembe dakika ya mwisho linaloweza kumwaga dopamini kwa kiasi kile.

Kipaza sauti kinanikumbusha jirani. Mtu akiishi ukuta kwa ukuta na kanisa lenye spika kubwa, baada ya wiki mbili anaziba masikio kwa pamba. Ubongo hufanya hivyohivyo. Picha za ubongo wa watumiaji wa muda mrefu wa kokeini na methamfetamini zinaonyesha vipokezi vya dopamini vya aina ya D2 vimepungua. Kisha siku moja kanisa linanyamaza, lakini pamba bado imo masikioni, na mtoto wako akikuita kwa sauti ya kawaida husikii. Hiyo ndiyo hali ya mtu aliyeacha wiki ya kwanza: analala mchana na usiku, anakula kupita kiasi, na kila kitu kina rangi ya jivu. Ndugu wanadhani amevunjika moyo kwa sababu ya tabia mbaya. Amebaki na masikio yenye pamba.

Kasi ya kuingia ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Wakulima wa milima ya Andes, Amerika Kusini, wametafuna majani ya koka kwa karne nyingi, na jani hilo lina kokeini isiyofika mara nyingi asilimia 1, inayonyonywa polepole mdomoni. Kokeini ilitenganishwa na jani nchini Ujerumani karibu na mwaka 1860, ikawa unga. Ukiivuta kama moshi hufika ubongoni kwa sekunde chache. Molekuli ni ileile, lakini ubongo hujifunza njia kutokana na mpando wa ghafla, kwa hiyo moshi na sindano hufunga mtu upesi kuliko jani au kidonge. Nikotini nayo inaingia hapo: haiko kwenye familia ya kina amfetamini, lakini moshi wa sigara huifikisha kichwani ndani ya sekunde 10 hadi 20, mara nyingi kwa siku, na utulivu anaousikia mvutaji kwa sehemu kubwa ni kuondokewa na kero iliyoletwa na sigara iliyotangulia.

Na hapo ndipo kinapofunguka kitendawili ambacho wazazi huniuliza: imekuwaje hospitali za ng'ambo ziwape watoto wasiotulia dawa ya kuchangamsha, nao wakatulia? Jambo hilo liligunduliwa Marekani mwaka 1937 na daktari Charles Bradley, aliyewapa watoto amfetamini akaona wengi wanakaa kwenye dawati na kumaliza hesabu. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayoshika hatamu, inahitaji dopamini na noradrenalini kwa kipimo: ikipungua mtu hutawanyika, ikizidi hutawanyika vilevile. Kipimo kidogo, kwa kidonge kinachopanda polepole, humfikisha mtoto mwenye tatizo hilo katikati. Mwanafunzi asiye na tatizo anayemeza kidonge cha mwenzake usiku wa kuamkia mtihani yeye yuko katikati tayari. Anapata kukesha, na anapata uhakika mkubwa kwamba anaelewa. Nimesahihisha karatasi za namna hiyo, kurasa sita za mwandiko mzuri, swali halikujibiwa.

Nisisahau kuweka mpaka. Lutuku na pombe yoyote, bangi, dawa za usingizi, na ile bombe iliyoshangaza Kinshasa mwaka 2021 kwa kuwaacha vijana wamesimama wima kama wamelala, hivyo si vichangamshi. Tunaviita vyote dawa za kulevya, na neno hilo moja linaficha mambo yanayokwenda pande tofauti kabisa.

Mlinzi aliyelazwa usingizi

Noradrenalini ndiyo inayoutikisa mwili. Ni mfumo wa kukimbia nyoka. Moyo huongeza mapigo, mishipa ya ngozini hubana, presha hupanda, mboni za macho hutanuka, ini humwaga sukari kwenye damu, mate hukauka, njaa hufungwa kama duka lenye msiba. Kwa dakika chache za kukimbia nyoka ni mpango mzuri sana. Kwa saa 12 mfululizo, bila nyoka, ni mpango mwingine.

Amfetamini ilitengenezwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1887, methamfetamini Japani mwaka 1893, na zote zilikaa makabatini miaka mingi kabla ya mtu kuona zina kazi gani. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa Ujerumani walipewa vidonge vya methamfetamini, Pervitin, ili watembee usiku kucha. Upande wa pili nao walikuwa na amfetamini yao. Baada ya vita vidonge vilirudi uraiani, vikaingia kwenye malori na kwenye michezo.

Tarehe 13 Julai 1967 katika mbio za baiskeli za Tour de France, Mwingereza Tom Simpson, miaka 29, alikuwa anapanda mlima Ventoux kusini mwa Ufaransa kwenye joto kali. Karibu na kilele baiskeli ilianza kuyumba kushoto na kulia. Akaanguka. Wakamweka tena juu ya baiskeli, akaendelea kidogo, akaanguka mara ya pili na hakuamka. Mfukoni mwake walikuta vidonge vya amfetamini, na uchunguzi wa mwili wake ulikuta amfetamini na pombe.

Naelezea kifo hiki darasani kila mwaka kwa sababu hakikutokana na ukosefu wa nguvu. Uchovu ni mlinzi. Mwili wa mtu mzima hausubiri makala yaishe ndipo usimame. Husimamisha kazi mapema, wakati bado kuna akiba ya moyo na ya maji, na wakati joto la ndani bado halijaanza kupika viungo. Amfetamini humlaza mlinzi huyo. Misuli inaendelea kutoa joto, mishipa ya ngozi imebana hivyo joto halipati pa kutokea, na mwenye mwili anajisikia vizuri tu. Sisi tunaoijua Lubumbashi ya mwezi wa kumi, kabla mvua haijashika, saa nane mchana ndani ya kabini ya lori, hatuhitaji mlima Ventoux kuelewa.

Moyo una hesabu yake peke yake. Kokeini hubana mishipa inayoulisha moyo wakati uleule inapoutaka ufanye kazi zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulikuta kwamba katika saa ya kwanza baada ya kuitumia, hatari ya shambulio la moyo huwa mara 24 ya kawaida ya mtu yuleyule. Inawapata vijana wasio na ugonjwa wowote. Ikitumiwa pamoja na pombe, ini huunganisha viwili na kutengeneza kitu cha tatu, kokaethilini, kinachokaa mwilini kuliko kokeini yenyewe. Maumivu ya kifua, joto la mwili linalounguza, degedege, au maneno yasiyoeleweka kwa mtu aliyetumia kitu, hayo si ya kusubiri asubuhi wala ya kumwagia maziwa kinywani. Ni hospitali usiku uleule, na daktari aambiwe alichotumia bila kuficha.

Mchanganyiko wa bia na kinywaji cha kuongeza nguvu haufikii huko, lakini una ujanja wake. Kafeini haipunguzi pombe kwenye damu hata tone. Inaondoa usingizi wa ulevi, basi. Mtu ambaye pombe ingemlaza kwenye kiti anabaki wima, anatafuta ufunguo wa pikipiki na kusema yuko sawa. Mlevi aliyelala ana usalama kuliko mlevi aliye macho.

Kisha kuna wale wanaokesha siku tatu, nne, kwa amfetamini au methamfetamini. Wanaanza kusikia majina yao yakitajwa nyuma ya ukuta. Wanaona gari moja limewafuata tangu asubuhi. Wengine wanajikuna mpaka damu kwa sababu ya wadudu wanaotembea chini ya ngozi, wadudu ambao hawapo. Mjini kwetu familia itasema amelogwa, na kijana atapelekwa kwenye chumba cha maombi na kufungwa asiondoke. Sina ugomvi na maombi. Ila dopamini iliyofurika ndiyo inayouambia ubongo kwamba kila kitu kina maana, kila mlio ni dalili, na kwa wengi hali hiyo hutulia ndani ya siku au wiki dawa ikikoma na usingizi ukirudi. Kumfunga kamba na kumkeshesha ni kumnyima kitu kilekile kinachomponya. Wachache hubaki na ugonjwa muda mrefu zaidi, na hao wanahitaji daktari wa akili.

Pamba masikioni hutoka? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, polepole. Mwaka 2001 watafiti waliwapiga picha za ubongo watu walioacha methamfetamini, kisha wakawapiga tena baada ya kukaa bila dawa kati ya miezi 12 na 17. Zile pampu za dopamini, ambazo nazo zilikuwa zimepungua, zilikuwa zimerudi kwa wingi. Kumbukumbu na wepesi wa mikono havikuwa vimepanda sawasawa na picha. Mpaka leo hakuna kidonge kilichoidhinishwa kutibu uraibu wa dawa hizi, tofauti na heroini ambayo ina dawa zake. Kinachofanya kazi vizuri zaidi kinashangaza kwa udogo: mtu anapimwa mara kwa mara, na kila akikutwa msafi anapewa zawadi ndogo papo hapo, vocha au kitu cha nyumbani. Ubongo uliofundishwa kwa zawadi ya haraka unafundishwa upya kwa zawadi ya haraka.

Shemeki hakuwa kwenye mambo hayo. Yeye ana kafeini na ana barabara. Nilimpa hesabu mbili tu jioni ile. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, na saa 24 ni kama asilimia 0.10. Ya pili: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, usingizi wa sekunde 4, ule wa macho kufumba bila wewe kujua, ni mita 89. Uwanja wa Kamalondo karibu mzima, goli hadi goli, na tani za shaba nyuma yako, hakuna aliyeshika usukani. Kafeini hupunguza sekunde hizo kwa muda, lakini haizimalizi.

Akanyamaza, akazungusha lile kopo la pili mkononi. Akasema barabarani hakulaliki, ukiegesha unaamka huna tairi la akiba, labda huna na betri. Ni kweli, sikuwa na jibu la hilo. Nilichokuwa nacho ni ujanja wa dakika 15: anywe kahawa yake, afumbe macho papo hapo, aweke kengele ya simu. Kafeini inachukua karibu nusu saa kushika, na katika robo saa ile ubongo unazoa adenosini kidogo. Akiamka viti vimepungua wageni na kafeini ndiyo inaingia. Waingereza wameupima kwa madereva na unafanya kazi vizuri kuliko kahawa peke yake. Bado ni saa moja au mbili za nafuu, na baada ya hapo ni kitanda.

Wiki iliyofuata alinipigia kutoka Likasi. Utingo wake alikuwa amesimama nje na rungu, akilinda matairi.

"Shemeki, ile dakika 15, nianze kuhesabu nikimaliza kunywa ao nikifunga macho?"